Gharama na Manufaa ya Kuuacha Mkaa: Mfano wa Manzese

Barabara ya Morogoro iingiapo Dar es Salaam kutoka bara hupita Kimara, Ubungo na Urafiki kabla ya kuikata Manzese katikati. Kwa njia hiyo hiyo, kwa miaka mingi, magunia ya mkaa kutoka misitu ya Morogoro na Pwani yamekuwa yakishuka mjini juu ya malori, na siku hizi hata juu ya pikipiki. Manzese, ambayo kabla ya kuundwa kwa Manispaa ya Ubungo ilikuwa sehemu ya Kinondoni, ni miongoni mwa sehemu za jiji zenye msongamano mkubwa wa watu. Nyumba zake nyingi ni zile za mtindo wa Kiswahili: ukumbi wa katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma. Kila chumba kina mpangaji wake, na kila mpangaji ana jiko lake.

Hapo ndipo sera ya taifa ya kupunguza gesi joto hukutana na sufuria. Mwaka 2021 Tanzania, ikitimiza wajibu wake chini ya Mkataba wa Paris wa 2015, ilitangaza nia ya kupunguza gesi hizo kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na kiasi ambacho kingetolewa endapo hapangechukuliwa hatua yoyote. Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Shabaha hizo ni njema. Lakini kila sera ina gharama yake na manufaa yake, na mchumi hutakiwa kuuliza maswali mawili. La kwanza, ambalo huulizwa sana, ni kama manufaa yanazidi gharama. La pili huulizwa mara chache: je, anayelipa gharama ndiye apataye manufaa?

Kilo moja na nusu ya mkaa

Gesi joto ni zile gesi zinazouacha mwanga wa jua uifikie ardhi, lakini huzuia sehemu ya joto linalorudi kutoka ardhini lisipotelee angani. Iliyo mashuhuri ni kaboni dayoksaidi, yaani hewa ukaa. Nyingine ni methani, ambayo ni chache angani lakini ni kali: kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja ya methani huipasha dunia joto kiasi cha mara 28 kuliko kilo moja ya hewa ukaa.

Chukua mfano wa familia ya Manzese inayotumia kilo moja na nusu ya mkaa kwa siku, kiasi kisicho kikubwa kwa nyumba inayopika chai, ugali na maharage. Nishati hupimwa kwa megajuli, na megajuli moja yatosha kuchemsha takriban lita tatu za maji. Kilo ya mkaa ina megajuli kama 30. Hata hivyo, katika jiko la kawaida la bati ni sehemu moja tu kati ya tano iingiayo chunguni. Nyingine huupasha moto ua. Familia hiyo, basi, hununua megajuli 45 na kupikia megajuli 9.

Upotevu mkubwa zaidi hutokea mbali na Manzese, msituni. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa. Tukishika 15, mkaa wa siku moja wa familia yetu umetokana na kilo 10 za kuni, nazo kwa mwaka ni zaidi ya tani tatu na nusu. Nusu ya uzito wa kuni kavu ni kaboni. Kaboni hiyo yote ikigeuka hewa ukaa, nyingine tanurini na nyingine jikoni, hufikia kilo 18 hivi kwa siku.

Hapa hapana budi kusimama kidogo, maana wengi huishia kwenye tarakimu hiyo na kutoa hukumu. Miti ya miombo, ikikatwa na visiki vyake vikiachwa, huchipua tena. Katika muda wa miaka 20 hadi 30 hewa ukaa iliyotoka hurudishwa mtini. Katika hali hiyo zile kilo 18 hazihesabiki kuwa deni. Lakini ikiwa nyuma ya mchoma mkaa anakuja mkulima na jembe na moto wake, msitu haurudi, na deni linabaki lote. Gunia moja la mkaa laweza kuwa na hatia ndogo, na la pili, lililo sawasawa nalo kwa macho, likawa na hatia kubwa. Mnunuzi wa Manzese hana namna ya kuyatofautisha.

Lipo jambo moja lisilosameheka hata msitu ukirudi. Ndani ya tanuri la udongo kuni huungua kwa hewa haba, na kwa sababu hiyo hutoka methani. Vipimo vilivyofanywa katika matanuri ya Kenya vilionyesha makumi kadhaa ya gramu za methani kwa kila kilo ya mkaa. Tukichukua gramu 40, mkaa wa siku moja wa familia yetu huleta gramu 60 za methani, ambazo ni sawa na kilo 1.7 za hewa ukaa. Sasa, familia hiyo ikipikia gesi ya mtungi ingehitaji gramu 360 tu kwa siku, kwa kuwa kilo ya gesi ina megajuli 46 na jiko lake hupeleka zaidi ya nusu ya joto chunguni. Gramu hizo zikiungua hutoa hewa ukaa kilo moja na kidogo. Hivyo, pasipo kuhesabu meli na malori, gesi iliyochimbwa chini ya ardhi hushinda mkaa wa msitu uliotunzwa vizuri, kwa sababu ya tanuri peke yake. Matokeo haya huwashangaza watu, nao wana haki ya kushangaa.

Yafaa pia ieleweke kwamba gesi ya mtungi siyo ile ya Songo Songo. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974 na kuletwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, ni methani, nayo huendesha mitambo ya umeme ya Ubungo na viwanda kadhaa. Gesi ya mtungi huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Shilingi inayolipia mkaa hubaki nchini. Sehemu kubwa ya ile inayolipia gesi huvuka bahari. Hiyo nayo ni gharama, ingawa haionekani jikoni.

Bei isiyosema yote

Taarifa ya Benki ya Dunia ya 2009 ilikadiria kwamba biashara ya mkaa Tanzania ilikuwa na thamani ya dola za Marekani milioni 650 kwa mwaka, na kwamba kati ya tani milioni moja hivi zilizotumika, nusu ziliungulia Dar es Salaam. Taarifa hiyo ilionyesha pia kwamba sehemu ya kaya za jiji zilizotegemea mkaa ilipanda kutoka asilimia 47 mwaka 2001 hadi 71 mwaka 2007. Sehemu kubwa ya biashara hiyo ilipita kando ya mizani na vizuizi, na serikali ilikuwa ikipoteza mapato ya dola kama milioni 100 kila mwaka.

Maana yake kiuchumi ni kwamba bei ya kopo la mkaa hulipia jasho la mchomaji, gunia, lori na faida ya wafanyabiashara. Mti wenyewe ama haulipiwi kabisa, ama hulipiwa kidogo sana. Tathmini ya misitu ya taifa iliyotolewa 2015 ilikuta kwamba nchi ingeweza kuvuna mita za ujazo milioni 42.8 za miti kwa mwaka bila kula mtaji wa msitu, ilhali mahitaji yalikuwa milioni 62.3. Pengo la milioni 19.5 ni gharama halisi, lakini hakuna risiti inayolitaja.

Afya nayo haimo katika bei. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 ulimwenguni, kwa Tanzania, takwimu za serikali hutaja vifo vipatavyo 33,000 kwa mwaka. Mkaa una moshi mdogo kuliko kuni, na ndiyo sababu watu wa mjini huupenda. Lakini hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Wakati wa masika, uani panapotota na jiko likaingizwa ukumbini au chumbani, ndipo gesi hiyo huwa ya hatari zaidi. Mtu anayepunguza mkaa kwa ajili ya mapafu ya wanawe hupata manufaa yake mwaka huo huo, tofauti na yule anayepunguza kwa ajili ya mvua za mwaka 2080. Wanaotetea sera hizi wangefanya vema kuanza na mapafu.

Marufuku na ushuru

Dawa ya vitabuni ni nyepesi: bei isiyosema yote iongezwe ushuru mpaka iseme yote, au bidhaa yenyewe ipigwe marufuku. Tanzania imekwisha kuzijaribu zote mbili.

Mwanzoni mwa mwaka 2006 serikali ilipiga marufuku uvunaji na usafirishaji wa mkaa. Nia ilikuwa kuiokoa misitu, na nia hiyo haiwezi kulaumiwa. Lakini mlo wa jioni hauahirishwi. Mahitaji yalibaki pale pale, mzigo ukapungua, bei ikapanda. Waliokuwa na jiko la gesi kabatini hawakuona taabu kubwa. Walioumia ni wale wasio na jiko jingine, nao ndio waliokuwa wengi Manzese, Tandale na Temeke. Marufuku hayo yaliondolewa baada ya muda mfupi. Somo lake ni kwamba kuikata bidhaa kabla mbadala wake haujawa mikononi mwa watu hakupunguzi moshi sana, bali huhamisha fedha kutoka kwa mpikaji kwenda kwa yule mwenye mkaa uliofichwa.

Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi takriban 400. Shabaha haikuwa hali ya hewa. Ilikuwa kukomesha uchakachuaji, yaani ule mchezo wa kuchanganya mafuta ya taa katika dizeli kwa sababu yalikuwa rahisi zaidi. Kwa wenye magari sera hiyo ilikuwa na manufaa. Kwa aliyekuwa akipikia jiko la mchina, njia iliyobaki wazi ilikuwa mkaa. Wizara moja hufunga mlango ambao nyingine ingependa uwe wazi, na hesabu ya mwisho haijumlishwi na mtu yeyote.

Katika miaka ya karibuni serikali imeelekeza marufuku kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, kama vile shule, vyuo na magereza. Hiyo ni busara kubwa zaidi. Taasisi ina bajeti, yaweza kukopa, na jiko lake moja kubwa hukaguliwa kwa urahisi. Mama lishe wa pembeni mwa kituo cha mabasi hana hata kimoja katika hivyo vitatu.

Kopo na mtungi

Kwa hesabu iliyotangulia, gramu 360 za gesi hufanya kazi ya gramu 1,500 za mkaa. Kwa hiyo gesi ni rahisi kuliko mkaa popote pale ambapo bei ya kilo ya gesi haizidi mara nne ya bei ya kilo ya mkaa. Msomaji aweza kuijaribu kanuni hii sokoni kwa bei za siku yoyote, mradi aupime mkaa kwa mizani badala ya jicho, kwa kuwa kopo na sado haviko sawa kila mahali, na wauzaji wengine wana ustadi wa kuyapanga mapande juu ili chini pabaki tundu.

Mara nyingi atakuta kwamba gesi inashinda, hasa akilinganisha na mkaa wa kopo, ambao kwa kilo ni ghali kuliko wa gunia. Kwa nini basi mkaa wa kopo bado unauzwa? Jibu halimo katika bei ya kilo. Limo katika namna fedha zinavyoingia nyumbani. Kibarua, machinga na mama lishe hupata fedha kwa siku, na hutumia kwa siku. Mtungi wa kilo 6 ungeitosha familia yetu siku 16 au 17. Maana yake ni kwamba siku unapokwisha, mama wa nyumba anatakiwa awe na fedha za milo ya nusu mwezi mkononi kwa mara moja. Kabla ya hapo alitakiwa awe amekwisha kununua mtungi wenyewe, jiko na mpira wake. Anayenunua kwa kopo anajua sana kwamba anapunjwa. Analipa riba kwa kukosa akiba.

Jambo hili linafungamana na ubishi mkubwa wa wachumi wa dunia. Mwaka 2006 Nicholas Stern wa Uingereza alitoa ripoti iliyosema kwamba madhara ya mabadiliko ya hali ya hewa yangeweza kuugharimu ulimwengu asilimia 5 hadi 20 ya pato lake kila mwaka, wakati kuyazuia kungegharimu kama asilimia 1. William Nordhaus wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2018, alipinga: alisema Stern ameithamini mno shilingi ya kesho. Ugomvi wao ulihusu kiwango cha punguzo, yaani ni kwa kiasi gani manufaa ya baadaye yahesabiwe kuwa madogo kuliko ya leo. Wote wawili walikuwa wakibishania asilimia chache kwa mwaka. Mpangaji wa Manzese, kila anunuapo kopo badala ya gunia, anaonyesha kiwango kilicho mbali mno juu ya vyote viwili, si kwa kuwa hajali kesho, bali kwa kuwa leo haijamwachia kitu. Sera inayomtaka agharimie mtaji leo kwa manufaa ya miaka ijayo imemwomba mkopo mtu asiye na fedha.

Indonesia iliutambua ugumu huu. Kuanzia 2007 serikali yake iligawa bure mtungi wa kilo 3 pamoja na jiko kwa kaya zaidi ya milioni 50. Iliweza kwa sababu ilikuwa ikitoa ruzuku kubwa ya mafuta ya taa; kila kaya iliyohamia gesi iliipunguzia hazina mzigo. Tanzania haina akiba ya namna hiyo ya kuhamisha, kwa kuwa mkaa haujawahi kupewa ruzuku isipokuwa ile ya msitu wenyewe. India ilianza mpango wake 2016, ikawaunganishia gesi mamilioni ya wanawake maskini, kisha ikagundua kwamba wengi hawakurudi kujaza mtungi mara nyingi kama ilivyotarajiwa. Kugawa mtungi ni kazi ya siku moja, yenye picha gazetini. Kuujaza ni kila baada ya wiki mbili.

Upande wa Kilosa

Manzese ikiacha kununua, kuna mtu wa upande wa pili wa barabara anayeacha kuuza. Mkaa ni fedha taslimu ya kijijini wakati mahindi yamekufa shambani. Hesabu ya manufaa ya taifa isiyomtaja mchomaji ina tundu chini yake, kama lile kopo.

Wilayani Kilosa ulianza mwaka 2012 mradi uliosimamiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na mtandao wa jamii wa MJUMITA, kwa msaada wa Uswisi. Vijiji kadhaa vilitenga sehemu ndogo ya misitu yao kwa mkaa na kuigawa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, vikivunwa kwa zamu ya miaka 24 ili visiki vipate kuchipua. Wachomaji walifundishwa kujenga matanuri bora, na ushuru ukaingia katika mfuko wa kijiji badala ya mifuko ya watu barabarani. Vijiji vingine vilijengea madarasa. Mkaa wa aina hii hauondoi methani yote, lakini huondoa sehemu kubwa ya lile deni la kilo 18, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kubadilisha jiko la kila nyumba. Taabu ni kwamba unapofika Manzese hukaa sokoni kando ya mkaa usiolipiwa chochote, nao ni rahisi zaidi.

Mita moja, vyumba sita

Umeme ungeweza kuwa jibu. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024, na maji hayana moshi. Megajuli 9 za familia yetu ni uniti mbili na nusu. Kwa jiko la kawaida la sahani, lenye upotevu wake, ni uniti tatu na nusu hivi kwa siku, zaidi ya 100 kwa mwezi. Viwango vya umeme vilivyoanza 2016 viliweka shilingi 100 kwa uniti kwa mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, na 350 kwa zile zinazozidi hapo. Kupika peke yake kulitosha kumtoa mteja katika unafuu huo. Tena, katika nyumba ya Manzese mteja wa TANESCO ni mwenye nyumba, na mita ya LUKU ni moja kwa vyumba sita. Familia sita zenye taa, redio na friji moja huvuka uniti 75 kabla mtu hajabandika sufuria. Unafuu uliokusudiwa maskini humkuta aliyejenga nyumba ya peke yake yenye taa nne, na kumkosa aliyepanga. Haishangazi kwamba wenye nyumba wengi huwakataza wapangaji jiko la umeme. Presha kuka ya umeme hupika maharage kwa uniti chache sana kuliko sahani, lakini marufuku ya mwenye nyumba haichagui.

Kwa gesi, mita imejaribiwa kwa namna nyingine. Kampuni ya KopaGas ilianza Dar es Salaam kuwapa watu mtungi na jiko vyenye mita ndogo juu yake. Mteja hulipa kwa simu kiasi alicho nacho siku hiyo, na gesi hutoka kwa kiasi hicho, kama anavyonunua kopo. Mwaka 2020 teknolojia hiyo ilinunuliwa na Circle Gas ya Uingereza na kupelekwa Kenya. Utafiti uliofanywa Mukuru kwa Reuben, Nairobi, wakati wa vizuizi vya korona mwaka huo huo, mapato ya watu yalipokuwa yameporomoka, ulikuta kwamba asilimia 95 ya waliokuwa na mita waliendelea kupikia gesi, ilhali baadhi ya wale walionunua mtungi mzima walipunguza au kurudi nyuma. Mita hiyo ina bei yake, na bei hiyo imo ndani ya kila gramu inayouzwa. Lakini mtaji wa kuanzia hubebwa na kampuni, na mpangaji hulipia mlo wa jioni hiyo tu.